Shajara ya mradi: karatasi za pikipiki tano kuvuka ng'ambo kutoka Kigoma

Kigoma ukisema unakwenda ng'ambo, mtu anaelewa Kongo: unashuka bandarini au Kibirizi, unavuka ziwa. Ng'ambo ya shajara hii ni pana kidogo. Pikipiki ni tano: Boxer mbili za cc 150, TVS HLX mbili za cc 125, na Honda moja ya cc 125. Njia ni tatu. Ya kwanza inapita Mwandiga na Manyovu hadi Bujumbura na kurudi. Ya pili inapita Kasulu, Kibondo, Nyakanazi na Rusumo hadi Kigali, inatokea Kagitumba kuingia Uganda na kurudi nyumbani kwa Mutukula. Ya tatu ni boti hadi Kalemie.

Wapo waliotaka njia mbili za kwanza ziunganishwe, watu watoke Bujumbura waingie Rwanda moja kwa moja. Wazo hilo lilikufa kikao cha kwanza. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, kwa hiyo kila njia hapa inaanzia Tanzania na kurudi Tanzania.

Safari zenyewe zitaandikwa kwingine. Hapa ni faili tu: leseni, kadi za usajili, bima, vibali, na makosa tuliyoyakuta. Kwa tulivyoona, pikipiki kukwama kwa kukosa karatasi ni nadra. Zaidi hukwama karatasi zikiwa zote mezani, kila moja na neno lake.

Wiki ya 1, Jumatatu. Meza moja

Karatasi zote za pikipiki tano zimewekwa meza moja. Daftari limechorwa mistari mitano, na kwa kila pikipiki kuna nafasi ya jina la mwenye kadi, jina la dereva kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya usajili, chesisi, injini, cc, daraja la leseni, na tarehe ya kila karatasi kwisha muda. Sharti ni kwamba kila nafasi ijazwe kwa kusoma karatasi yenyewe. Hakuna kujaza kwa kukumbuka, wala kwa picha iliyotumwa kwenye simu.

Kabla ya saa sita mchana daftari lilikuwa limeshaonyesha kasoro sita. Madereva wawili wa Boxer za cc 150 wana leseni za daraja A1, ambalo mwisho wake ni cc 125. Kadi mbili zina majina ya watu wasioendesha. Kadi ya TVS moja ina namba ya chesisi yenye mashaka. Boxer ya kwanza ilishabadilishwa injini, na kadi bado inaitaja ile ya zamani.

Wiki ya 1, Ijumaa. Chesisi na injini

Kazi hii ilichukua siku nzima na hatujutii.

Kwenye pikipiki hizi namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya usukani. Isafishe kwa petroli kidogo na mswaki uliochoka. Msasa na brashi ya waya viache kabisa, maana namba iliyokwaruzwa humfanya mkaguzi adhani imechezewa, na hapo utaeleza hadi jua lizame. Ikishakauka, bandika karatasi nyembamba ya kuchorea ramani kwa vipande viwili vya gundi ya karatasi, kisha sugua kwa penseli laini iliyolazwa ubavu. Ukitumia ncha, karatasi inachanika kwenye kona za herufi. Namba inajitokeza nyeupe juu ya kijivu. Iandikie tarehe, iweke kwenye faili. Karatasi ya risiti haifai, inajichafua yenyewe kwa msuguano na joto.

Namba ya chesisi ina tarakimu na herufi 17, na ndani yake hakuna kamwe herufi I, O wala Q. Kanuni hiyo iliwekwa makusudi ili mtu asichanganye na 1 na 0. Kwa hiyo ukiona O kwenye kadi, huhitaji hata kwenda kuitazama pikipiki: kadi imekosewa. Ndilo lililokuwa tatizo la TVS, O imekaa mahali pa sifuri. Mwanzo wa namba nao unasema kitu. Boxer zilizotengenezwa India huanza na MD2, TVS huanza na MD6, na pikipiki za China huanza na L. Kadi ikisema Boxer na namba ikaanza na L, rudi kwa aliyekuuzia kabla hujaenda popote.

Namba ya injini haifuati kanuni hiyo. Inaweza kuwa na herufi yoyote, na urefu wake hutofautiana kiwanda kwa kiwanda. Itafute kwenye ganda la injini upande wa chini, mara nyingi imefunikwa na mafuta na vumbi jekundu la barabara ya Kasulu.

Marekebisho ya kadi hufanyika TRA, mamlaka ya mapato, baada ya pikipiki kukaguliwa na trafiki. Tulipeleka kadi halisi, karatasi ya penseli, kitambulisho cha taifa (NIDA) cha mwenye kadi, na kwa Boxer iliyobadilishwa injini, risiti ya kununulia injini hiyo. Asiye na risiti ya injini ana kazi kubwa zaidi, kwa sababu swali la kwanza atakaloulizwa ni ilitoka wapi.

Wiki ya 2. Kadi yenye jina la mtu mwingine

Pikipiki mbili ni za mkataba: dereva analeta hesabu kila wiki, kadi iko kwa tajiri hadi mkataba uishe. Ndani ya mji hakuna anayejali. Mpakani afisa wa forodha anaona mtu mwenye pasipoti ya jina moja akiondoka nchini na mali ya jina lingine.

Dawa yake ni barua ya idhini iliyothibitishwa na wakili au kamishna wa viapo. Rasimu ya kwanza ilikuwa na sentensi mbili na muhuri, tukaitupa. Iliyokubalika ina jina kamili la mwenye pikipiki na namba yake ya NIDA, namba ya usajili, chesisi na injini kama zilivyo kwenye kadi, jina la dereva na namba ya pasipoti, nchi moja moja kwa majina yake, tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na kauli kwamba dereva haruhusiwi kuiuza wala kuiweka rehani. Kauli hiyo ya mwisho humtuliza afisa kuliko muhuri.

Neno "Afrika Mashariki" halitoshi mahali pa majina ya nchi. Kwa Kongo andika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, maana Kongo ziko mbili. Barua ipo kwa Kiswahili, na nakala yake kwa Kifaransa imegongwa muhuri uleule. Kiswahili kinakufikisha Bujumbura na Kalemie bila shida ya maongezi, lakini ripoti ya polisi huko huandikwa Kifaransa, na anayeiandika atashukuru kuipata barua kwa lugha hiyo.

Pikipiki yenye mkopo ina ngazi moja zaidi: mkopeshaji naye atoe barua. Anza na hiyo kabla ya nyingine zote, kwa kuwa huna namna ya kuiharakisha.

Jambo la pembeni kuhusu bodaboda. Leseni ya LATRA ya kubeba abiria haivuki mpaka. Pikipiki zinazofanya biashara hapa mjini zitavuka kama vyombo vya binafsi, na anayepanda nyuma asiwe abiria wa kulipa.

Wiki ya 3. A1 na A

Watu wengi Kigoma wanaendesha Boxer ya 150 kwa leseni ya A1 na hawajawahi kuulizwa. A1 ni ya pikipiki isiyo na kigari cha pembeni na isiyozidi cc 125. Ikizidi hapo ni A. Bajaji ya magurudumu matatu ni A2, na A3 ni ya vipikipiki visivyozidi cc 50. Mwenye B ya gari peke yake haruhusiwi kuendesha pikipiki hata ndogo.

Uzito wa jambo hili unaonekana ajali ikitokea. Kampuni ya bima hutazama daraja la leseni na cc za kwenye kadi, na visipolingana inapata sababu ya kutolipa. Ukiwa Tanzania hilo ni balaa. Ukiwa nchi ya watu ni balaa lenye pingu.

Madereva wawili wamepelekwa kuongeza daraja: chuo kinachotambuliwa, mtihani wa trafiki, cheti cha umahiri, kisha TRA kwa leseni yenyewe. Jina kwenye leseni linafuata kumbukumbu za NIDA, na hapo palijitokeza kitu. Dereva mmoja ana majina matatu NIDA na mawili kwenye pasipoti yake. Pasipoti ndiyo itakayosomwa mpakani, leseni ndiyo itakayosomwa barabarani. Tumeamua abebe pia nakala ya kitambulisho cha taifa na kiapo cha majina kutoka kwa wakili, kuliko kusubiri pasipoti mpya.

Kwa Burundi, Rwanda na Uganda leseni ya Tanzania inatambuliwa kwa mgeni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hakuna haja ya kubadilisha wala kufanya mtihani mwingine.

Wiki ya 4. Kadi mbili za njano

Kila mtu ana njia yake ya kuchanganya hizi mbili, kwa hiyo zimeandikwa kubwa kwenye jalada la faili: NJANO YA MTU, NJANO YA PIKIPIKI.

Njano ya mtu ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Kongo na Burundi wanakitaka. Anayechomwa leo hawezi kupanda boti kesho, hata awe na cheti kizuri kiasi gani. Usikipeleke stesheneri kikapigwe laminesheni. Afisa anataka kugusa muhuri, na karatasi iliyofungwa plastiki inaonekana kama inaficha kitu. Kadi ya pikipiki vilevile.

Njano ya pikipiki ni Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), bima ya mtu wa tatu inayofanya kazi nje ya nchi ulikokatia. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki kwenye mpango huu wa bima, ndiyo maana unaipata hapa. Inakubalika Burundi, Rwanda, Uganda, Kongo na Zambia, miongoni mwa nyingine. Haisimami peke yake. Inapandishwa juu ya bima uliyonayo nyumbani, na haiwezi kuishi zaidi ya hiyo. TVS ya pili ilikuwa imebakiza siku 11 za bima siku iliyopangwa kuondoka, na njia ya Rusumo ni siku 18. Bima ya nyumbani ilibidi ihuishwe kwanza, ndipo kadi ikatwe.

Ukiipokea, soma mambo manne ungali dukani: namba ya usajili, chesisi, tarehe, na orodha ya nchi. Nchi zisizokuhusu hukatwa kwa mstari. Kadi ya Honda ilirudi jina la Rwanda likiwa limekatwa, kwa sababu fomu yetu iliandikwa "Burundi, Uganda". Kosa letu. Na kumbuka inalipa uharibifu wa wengine. Pikipiki yako ikiibwa au ikivunjika, hiyo si kazi yake.

Bima ya nyumbani tumeihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya usajili, pikipiki moja moja. Risiti ya wakala bila kuonekana kwenye mfumo ni karatasi ya kufungia karanga.

Wiki ya 5. Kibali cha kimataifa cha kuendeshea

Kwa njia hizi tatu hakuna anayekilazimisha ndani ya Jumuiya. Tumekichukua kwa watu wawili, mmoja kwa ajili ya Kongo na Burundi, mwingine anayetarajia kukodi pikipiki Japani baadaye. Sababu ya kwanza ni ndogo lakini ya maana: kurasa za mwisho za kibali huandikwa Kifaransa siku zote, kwa hiyo polisi wa Rumonge au Kalemie anasoma daraja lako bila kukisia.

Hiki ni kijitabu cha kijivu chenye kurasa nyeupe ndani, milimita 105 kwa 148. Hutolewa na chama cha wenye magari, AA ya Tanzania, kwa kuonyesha leseni halisi, pasipoti na picha. Lazima kitolewe nchi iliyotoa leseni. Ukishafika ugenini umechelewa. Kile kinachouzwa mtandaoni kwa dola, chenye kadi ya plastiki na miaka kumi, hakina nguvu popote.

Jalada lina tarehe ya mkataba, na tarehe hiyo ndiyo ya kutazama. Iko mikataba miwili inayokutana nayo msafiri, wa Geneva wa 1949 na wa Vienna wa 1968. Cha 1949 kinaishi mwaka mmoja tangu kutolewa. Cha 1968 kinaweza kufika miaka mitatu, ila hakipiti mwisho wa leseni. Japani inatambua cha 1949 pekee. Vietnam ni kinyume chake, cha 1968 pekee. China haitambui hata kimoja. Dereva wa Japani ameambiwa athibitishe kwanza kama kibali cha Tanzania kinakubalika huko, na aliyekuwa anaota Vietnam ameambiwa mapema.

Ndani kuna madaraja A hadi E, kila moja na nafasi yake ya muhuri. Angalia muhuri umegongwa kwenye A. Mwenye leseni ya A na B anaweza kurudishiwa kijitabu chenye muhuri wa B tu, kwa sababu karani amezoea wenye magari, na kijitabu cha namna hiyo ni bure kwa pikipiki.

Tulibishana sana juu ya hili: A ya kijitabu cha 1949 haina kikomo cha cc. Je, mwenye A1 akigongewa A anaweza kuendesha ya 150? Hapana. Kibali kinatafsiri leseni, hakiiongezei. Ndiyo maana lazima vitembee pamoja, na ndiyo maana kazi ya wiki ya 3 ilitangulia.

Mtu wa Honda aliuliza habari za kwenda hadi Misri. Huko ni kitabu kingine kabisa, kile cha forodha kiitwacho carnet, chenye dhamana ya fedha. Kila ukurasa wake una vipande vitatu: kimoja kinakatwa unapoingia nchi, kimoja unapotoka, na kishina kinachobaki na mihuri yote miwili. Ukikosa muhuri wa kutoka, dhamana inashikwa, maana kwa karatasi pikipiki bado iko kule. Ndani ya Jumuiya hatukihitaji, tumekiacha.

Wiki ya 6. Stika ya EAT

Mkataba wa 1949 unataka chombo kilicho ugenini kionyeshe herufi za nchi yake, nyeusi juu ya duara bapa jeupe. Za Tanzania Bara ni EAT, zimebaki tangu enzi za Tanganyika. Pikipiki inaruhusiwa duara dogo, milimita 175 kwa 115, lakini herufi zisipungue urefu wa milimita 80 na unene wa mstari milimita 10.

Fundi stika wa Mwanga alikata ya kwanza kwa herufi pana alizozoea za daladala, na kona za E na T zikatoka nje ya weupe. Hesabu ni hii. Kwa duara hilo, herufi za milimita 80 zinakaa tu kama zote tatu kwa pamoja hazizidi upana wa milimita 120 hivi. Tuliipa kila herufi 34 na nafasi 8 kati yake, jumla 118. Kona za E na T zinabakiwa na milimita mbili na kitu hadi ukingo. Ni herufi nyembamba ndefu, hazipendezi, lakini zinasomeka.

Usiibandike kwenye mpira wa madgadi, tope litaifuta Kibondo tu. Tumekata bati la alumini la milimita 2, tukalifunga kwa skrubu za namba ya usajili, likining'inia chini yake bila kuifunika.

Mifuko ya plastiki ya kubebea karatasi imeondolewa. Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008, na hapa kwetu tangu Juni 2019, ingawa faili nyingi bado zilikuja zimefungwa kwa rambo. Tunatumia mfuko wa turubai wenye mdomo wa kukunja.

Wiki ya 7. Majaribio, Manyovu

Pikipiki mbili, Boxer ya kwanza na Honda. Barabara ya Mwandiga hadi Manyovu ni kilomita zipatazo 60. Lengo lilikuwa kuvuka Mugina, kituo cha upande wa Burundi, kuzunguka siku mbili, kurudi.

Mpakani mtu na pikipiki ni wasafiri wawili. Mtu anagongewa pasipoti uhamiaji. Pikipiki inaandikwa forodha ya Tanzania kwamba imetoka kwa muda, kisha forodha ya Burundi inaipa kibali cha kuingia kwa muda chenye idadi ya siku. Mtu akishagongewa huona amemaliza, akawasha. Asiyeiandikisha pikipiki wakati wa kutoka atapata taabu ya kueleza wakati wa kurudi kwamba haiingizi mpya.

Honda ilipita bila neno. Boxer ilisimama. Kadi yake ilikuwa na namba mpya ya injini, lakini kopi iliyokabidhiwa dirishani ilikuwa na ya zamani. Zile kopi zilitolewa wiki ya 1, siku ya meza moja, kabla ya marekebisho, na zilibaki kwenye mfuko. Afisa aliweka kadi na kopi sambamba, akauliza ipi ni ya kweli. Alikuwa na haki. Karatasi ya penseli na risiti ya injini ndizo zilizookoa, baada ya yeye mwenyewe kuinama na tochi kusoma ganda la injini.

Tangu hapo kila kopi ina tarehe ya kutolewa kona ya juu, na karatasi halisi ikibadilika, kopi zote za zamani zinachanwa siku hiyohiyo. Kila dereva ana seti tatu: mbili za kutoa, moja haitoki mfukoni.

Kibali cha pikipiki kisome ukiwa bado dirishani, namba ya usajili tarakimu kwa tarakimu, na siku. Siku hesabu kuanzia ya kuingia.

Mengine ya njiani. Burundi unaendesha kulia, na kosa huja asubuhi unapotoka kwenye kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu. Polisi akisema "carte rose" anataka kadi ya pikipiki. Saa ya Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja: kwao saa 11 jioni, Manyovu ni saa 12. Tulirudi tukihesabu saa ya Bujumbura, na tungechelewa nusu saa zaidi tungelala mpakani. Kibali cha pikipiki kilirudishwa na kufungwa kabla ya kuvuka.

Wiki ya 8. Maandalizi ya Rusumo na Kalemie

Rusumo, Kagitumba na Mirama Hills, na Mutukula ni vituo vya huduma kwa pamoja. Maana yake kwa mwendesha pikipiki: unasimama mara moja, upande wa nchi unayoingia, na maafisa wa nchi zote mbili wako humo. Ukitoka Tanzania kwa Rusumo unavuka daraja la Kagera kwanza, muhuri wa kutoka na wa kuingia unapata ng'ambo. Hatari ni kupanga foleni ya dirisha la nchi unayoingia tu, ukatoka bila muhuri wa nchi uliyoiacha. Hesabu mihuri: mtu miwili, pikipiki maandishi mawili. Rusumo unahamia kulia, Kagitumba unarudi kushoto. Rwanda kuna kamera za mwendo, pikipiki hazisamehewi.

Kalemie ni jambo la bandari. Pikipiki inaingizwa kwenye orodha ya mizigo ya boti kwa namba ya chesisi, si kwa jina la "Boxer nyekundu moja". Petroli inamwagwa hadi kabureta ikauke, waya hasi wa betri unafunguliwa, vioo vinakunjwa ndani. Inafungwa kamba nne, mbili kwenye shingo ya chini ya usukani na mbili kwenye fremu nyuma, shokamzoba za mbele zikiwa zimebanwa nusu. Ukifunga kwenye mikono ya usukani, wimbi la usiku litaupinda. Karatasi hazipandi na pikipiki, zinakaa na mtu.

Hali ilivyo leo

Manyovu: nne tayari. Rusumo: nne tayari. TVS ya kwanza inasubiri kadi iliyosahihishwa, na Kadi yake ya Njano ya COMESA haitakatwa hadi kadi hiyo itoke, isije ikabeba ile O. Kalemie: dereva mmoja amechomwa sindano Jumanne, kwa hiyo boti yake ni ya wiki ya pili kuanzia sasa. Kopi za zamani zilizochanwa ni 14.